Watu wa Santuri Halisi

DJ aliyekuwa na wimbo ambao wenzake hawana hakuingia nao ukumbini waziwazi. Alikata karatasi nyeupe ya mviringo, akaibandika juu ya lebo ya santuri ili jina la mwimbaji, la wimbo na la kampuni yasionekane, kisha akautangaza wimbo kwa jina alilolitunga mwenyewe. Vijana waliucheza kwa miezi, wakimsifu mwimbaji ambaye hakuwahi kuzaliwa. Wapinzani wake walijisogeza karibu na jukwaa kuchungulia rangi ya lebo ukingoni mwa karatasi. Wengine walirudi nyumbani na kiitikio kichwani, wakapekua orodha za wauzaji hadi siri ifichuke. Ikishafichuka, DJ alitafuta wimbo mwingine wa kuufunika.

Desturi hiyo ilistawi kaskazini mwa Uingereza miaka ya 1970, ingawa haikuanzia huko. Wenye mitambo ya muziki ya mitaani mjini Kingston, Jamaica, walikuwa wakikwangua lebo za santuri walizonunua Marekani tangu miaka ya 1950, kwa sababu ileile. Naanza nayo kwa kuwa inaonyesha jambo ambalo mgeni hulikosea anapoitazama jamii hii. Huona watu wazima wakilipa fedha nyingi kwa plastiki ya upana wa inchi 7, akadhani ni tamaa ya vitu tu. Kinachoheshimiwa hapa, kabla ya kitu chenyewe, ni kutafuta. Aliyeuchimbua wimbo uliokwisha kusahauliwa hata na kampuni iliyoutoa ana heshima ambayo fedha peke yake hainunui, na karibu mila zote za watu hawa zimejengwa juu ya kuilinda heshima hiyo.

Muziki wao unajulikana kama Northern Soul. Jina lilitoka kwa Dave Godin, mwandishi wa jarida la Blues & Soul aliyekuwa na duka la santuri jijini London, Soul City. Godin aliona kwamba mashabiki wa mpira waliotoka miji ya kaskazini kufuata timu zao, wakipita dukani kwake, hawakuwa na haja na funk mpya iliyokuwa ikivuma. Walitaka nyimbo za kasi za katikati ya miaka ya 1960, za mtindo wa Detroit. Akawaambia wasaidizi wake wasipoteze muda na mengine, wateja hao wapigiwe soul ya kaskazini. Mwaka 1970 akaliandika jina hilo katika safu yake, nalo likakaa.

Ili kuelewa kwa nini santuri hizo ni adimu, turudi zilikotengenezwa. Berry Gordy alianzisha Motown mjini Detroit mwaka 1959, na miaka michache baadaye nyimbo zake zilikuwa kwenye kila redio ya Marekani. Kila mtaa ukapata mtu aliyeamini kwamba naye anaweza. Kinyozi, mwenye baa, mfanyakazi wa kiwanda cha magari aliyeimba kanisani, walichanga fedha, wakakodi studio kwa saa chache, wakachapisha santuri mia chache na kuzipeleka wenyewe kwenye vituo vya redio. Wengine walikuwa na uwezo zaidi: Ed Wingate, tajiri wa Detroit, alikuwa na kampuni za Golden World na Ric-Tic, na wapigaji wa Motown wenyewe walikwenda kwake kwa kificho kuongeza kipato. Gordy aliishia kumnunua. Hao wadogo hakuna aliyewanunua. Redio haikupiga wimbo, duka halikuagiza tena, na marobota yaliyobaki yalitupwa stoo, yakauzwa kwa bei ya chini kabisa huku lebo zimetobolewa tundu dogo kuonyesha kwamba ni mabaki. Miaka michache baadaye Waamerika weusi wenyewe walikuwa wamehamia kwenye funk. Hakukuwa na ubaya wowote katika nyimbo hizo. Zilikuwa nyingi mno kwa soko moja, na nyingine zilichelewa kwa mwaka mmoja tu.

Waliozipokea walikuwa vijana wa viwanda vya nguo vya Lancashire, wa vyungu vya Stoke, wa migodi ya makaa ya mawe ya Yorkshire. Kutwa wakitumikia mashine, Jumamosi usiku walikuwa watu wengine. Ukumbi wa Twisted Wheel mjini Manchester ulifunguliwa mwaka 1963 na kufungwa 1971. Ukafuata Golden Torch wa Tunstall, na Highland Room ndani ya Blackpool Mecca. Mkubwa kwa sifa ulikuwa Wigan Casino, ulioanza mikesha yake tarehe 23 Septemba 1973 na kuimaliza tarehe 6 Desemba 1981. Mkesha ulianza baada ya saa sita za usiku, watu wakatawanyika saa mbili asubuhi. Pombe haikuuzwa. Vijana walikuja na mifuko ya michezo iliyobeba taulo, fulana za kubadilisha na kopo la poda, poda ikanyunyizwa sakafuni ili soli za ngozi ziteleze. Kila mtu alicheza peke yake, uso mbele, akizunguka kwa kasi, akijitupa kinyumenyume hadi viganja viguse sakafu, kisha akiinuka bila kupoteza mdundo. Katika mapigo fulani ukumbi mzima ulipiga makofi kwa pamoja, kofi moja tu. Kwenye mifuko na fulana walishona beji ya ngumi iliyokunjwa, waliyoiazima kwa Waamerika weusi waliokuwa wakidai haki zao. Vidonge vya kuwaweka macho vilikuwepo pia, na si vichache. Vilileta polisi milangoni, na vipo vifo ambavyo wazee wa jamii hii bado wanavizungumza kwa majonzi.

Huko Wigan kila mkesha ulifungwa kwa nyimbo tatu zilezile, za Tobi Legend, Jimmy Radcliffe na Dean Parrish. Anayekumbuka zilivyopangwa hahitaji kuulizwa alikuwa wapi ujana wake.

Pembeni mwa sakafu lilikuwa soko. Wauzaji walikaa na masanduku yao kwenye korido na roshani, watu wakapekua chini ya mwanga hafifu huku besi ikitikisa ukuta. Adabu za soko hilo ziliundwa na wenyewe na zinafuatwa mpaka leo. Mtu akipekua sanduku, humpitishii mkono. Akiishika santuri, ni yake mpaka airudishe, hata kama moyo wako umeshtuka kwa kuiona. Aliyeahidiwa kwa neno la mdomo haachwi kwa sababu mwingine ameongeza bei. Muuzaji hutaja kasoro zote kabla hajaulizwa: mkwaruzo unaosikika, mkunjo uliosababishwa na joto, jina la mtu lililoandikwa kwa kalamu juu ya lebo. Wengi walinunua kwa posta, wakitegemea orodha zilizopigwa chapa, na muuzaji aliyeisifu santuri kuliko hali yake alijulikana nchi nzima katika muda mfupi. Sijaona soko jingine la vitu vikuukuu ambamo neno la muuzaji lina uzito kiasi hiki.

Sheria kuu ni moja: DJ anayejiheshimu hupiga santuri halisi, yaani ya toleo la kwanza, iliyochapishwa wakati wimbo ulipotoka. Nakala za magendo zilianza kufurika mapema miaka ya 1970, mara tu wimbo ulipopata wachezaji, na kuzitambua ni elimu inayorithishwa kwa mdomo. Mwenye kujua huigeuza santuri kwenye mwanga asome pete laini iliyo kati ya mifereji na lebo. Pale kuna namba ya chapa. Kama toleo la kwanza lilipigwa muhuri wa mashine na hii imekwaruzwa kwa mkono, mazungumzo yamekwisha. Kiwanda cha Monarch cha Los Angeles kiliweka alama ndogo ya pembetatu na namba, na namba hiyo husaidia kukadiria santuri ilitengenezwa lini. Viwanda kadhaa vya Marekani vilitumia polistireni badala ya vinili. Ni ngumu, haipindiki, ukiigonga kwa ukucha hutoa mlio wa juu, nayo huchakaa upesi chini ya sindano nzito, ndiyo sababu nakala safi ni adimu mara mbili. Hakuna chuo kinachofundisha haya. Kijana aliyajifunza kwa kusimama nyuma ya mtu mzima na kunyamaza.

Wapo wanaosema sheria ya santuri halisi ni majivuno ya wenye fedha, na bei zinawapa hoja. Chukua wimbo wa Frank Wilson, "Do I Love You (Indeed I Do)". Ulirekodiwa mwaka 1965 chini ya lebo ya Soul, tawi la Motown, zikachapishwa nakala za majaribio. Wilson akachagua kuwa mtayarishaji badala ya mwimbaji, na nakala karibu zote zikateketezwa. Moja ikaibuka miaka ya 1970, ikafika Uingereza, ikapigwa Wigan chini ya karatasi nyeupe kwa jina la Eddie Foster. Mwaka 2009 nakala moja iliuzwa kwa pauni 25,742, na mwaka 2020 mauzo mengine yakafika pauni 100,000. Wakati huohuo wimbo wenyewe umekuwa ukipatikana kwa bei ya kawaida tangu 1979, Motown walipoutoa rasmi Uingereza. Au mtazame Darrell Banks. Wimbo wake "Open the Door to Your Heart" si adimu hata kidogo kwa lebo ya Stateside. Lakini mwaka 1966 kampuni iitwayo London nayo iliuchapisha Uingereza bila kuwa na haki, ikauondoa haraka, na nakala moja ya lebo hiyo iliuzwa kwa pauni 14,543 mwaka 2014. Sauti ni ileile, mdundo ni uleule.

Pamoja na hayo, naitetea sheria. Bila hiyo, aliyekopi wimbo kwa siku moja angesimama sawa na aliyeutafuta miaka kumi, na kutafuta kungekoma. Richard Searling, kijana wa kaskazini, alikuwa akipekua santuri kuukuu Philadelphia mwaka 1973 alipookota wimbo wa Gloria Jones uliokuwa upande wa pili wa santuri iliyokwama sokoni. Uliitwa "Tainted Love". Ukapigwa Wigan, na mwaka 1981 kundi la Soft Cell likauimba upya na kufika namba moja Uingereza. Kuna nyimbo nyingi ambazo zisingekuwa duniani leo kama si mtu aliyekuwa tayari kupumua vumbi la stoo kwa ajili ya heshima ya kuwa wa kwanza.

Linaloniuma ni deni. Santuri kuukuu inapouzwa, hata kwa pauni 100,000, aliyeimba hapati kitu. Darrell Banks alipigwa risasi akafa Detroit mwaka 1970, kabla kaskazini mwa Uingereza hakujamfanya mtu mkubwa. Wapo waliokuwa madereva wa mabasi na wasaidizi wa hospitali, wasijue kwamba kila Jumamosi vijana weupe elfu moja ng'ambo ya bahari waliimba maneno yao yote kwa moyo. Karatasi nyeupe ya DJ iliwafuta majina yao mara ya pili, baada ya redio za kwao kuwafuta mara ya kwanza. Hapo ndipo nasema desturi nzuri ilikuwa na upande mbaya, na wenyewe waliuona.

Maana waliwatafuta. Major Lance wa Chicago aliitwa kuimba Torch mwaka 1972, na onyesho lake likawa albamu. Edwin Starr, aliyeanzia Ric-Tic, alihamia Uingereza na kuishi huko hadi alipofariki mwaka 2003. Ady Croasdell, aliyeanzisha mikesha ya ukumbi wa 100 Club jijini London, aliingia katika kazi ya lebo ya Kent, akawa anakwenda Marekani kufungua maghala ya kanda, kuwatafuta wenye haki na kuzitoa nyimbo kihalali pamoja na historia zao. Katika kanda hizo zilipatikana nyimbo ambazo hazikuwahi kuchapishwa kabisa. Kila mwaka, mikesha ya 100 Club inapoadhimisha kuanzishwa kwake, baadhi ya nyimbo hizo huchapishwa kwenye santuri mpya wanazogawiwa waliohudhuria.

Msomaji aliyekulia Nairobi au Mombasa enzi za santuri ndogo za 45 anaijua hali hii kwa karibu. Wachimbaji wa aina hiyohiyo, na elimu ileile ya lebo na namba za chapa, wamefika pia kwenye maduka yetu wakitafuta benga na funk ya miaka ya 1970. Mwaka 2013 lebo ya Soundway ya Uingereza ilitoa mkusanyiko wa Kenya Special kutokana na santuri za namna hiyo. Ningependa waje na desturi zao zote, ile ya kuwasaka waimbaji na kuwalipa ikiwa ya kwanza.

Waliocheza Wigan sasa wana miaka sitini na zaidi. Wengi wameanza kugawa masanduku yao wakiwa hai, kwa kuwa wamewaona wajane wakiwauzia wapita njia vitu vya thamani kwa robo ya bei. Kuna utaratibu unaoheshimiwa: rafiki wa marehemu mwenye ujuzi huitwa na familia, hukadiria kila santuri kwa haki, na yeye mwenyewe hanunui chochote kabla wengine hawajaona orodha. Wanunuzi wengine ni vijana wa Hispania na Japani, waliojifunza kucheza kwa kutazama filamu za zamani za Wigan. Nao wakialikwa kupiga muziki, swali la kwanza wanaloulizwa ni lilelile, kama walichobeba ni santuri halisi.