Utangulizi: Namna ya Kuisoma Historia ya Mlimani

Noti ya shilingi 500 yenye sura ya Sheikh Abeid Amani Karume ilikuwa na picha upande wa pili: Ukumbi wa Nkrumah wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wahitimu waliovaa majoho. Watanzania wengi ambao hawajawahi kukanyaga Mlimani, kilipo chuo hicho, waliishika picha hiyo kila siku, wakinunulia mkate na kulipia nauli ya daladala. Anayeanza kuchunguza historia ya chuo hiki na alijue hilo mapema. Anachunguza taasisi ambayo nchi nzima inajiona ina haki nayo, wakiwemo wale ambao haikuwapokea.

Kitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, mwalimu wa shule, na msomaji yeyote anayetaka kujua chuo kikuu cha umma kinakuwaje chuo cha utafiti katika nchi iliyotoka juzi kwenye ukoloni. Huhitaji shahada ya historia kukifuata. Unahitaji subira ya kusoma majalada na masikio ya kuwasikiliza wazee.

Tarehe zinazosomwa kwenye mahafali ni tatu. Oktoba 1961 chuo kilifunguliwa kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikaungana na Makerere na Nairobi kuunda Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Tarehe 1 Julai 1970, kwa Sheria Na. 12 ya mwaka huo, kikasimama chenyewe kama chuo kikuu cha taifa, Mwalimu Nyerere akiwa Mkuu wa Chuo na Pius Msekwa akiwa Makamu Mkuu wa Chuo. Tarehe hizo ni za kisheria na lazima uzijue. Hata hivyo, mimi ninashikilia kwamba chuo kikuu cha utafiti huanza siku kinapouliza swali ambalo waliokiasisi hawakukituma kuuliza. Kwa kipimo hicho, ramani ya hatua za Mlimani inabadilika, na ndiyo ramani ninayokukaribisha kuisoma.

Tuanze mjini, kwa sababu Mlimani wenyewe ulikuja baadaye. Mipango ya wakoloni ilikuwa imeweka chuo cha Tanganyika mbele sana, baada ya Makerere na Nairobi kujengeka. Chama cha TANU hakikukubali kusubiri. Kilitoa jengo lake jipya la Mtaa wa Lumumba, na humo wanafunzi wasiofika 15 wakaanza kusoma sheria, wiki chache tu kabla ya bendera ya Uhuru kupandishwa. Mmoja wao alikuwa mwanamke, Julie Manning, ambaye miaka ya 1970 alikuja kuwa Waziri wa Sheria. Mkuu wa kwanza wa chuo alikuwa Cranford Pratt kutoka Kanada, na mkuu wa Kitivo cha Sheria alikuwa A. B. Weston kutoka Australia.

Kwa nini sheria kwanza? Makerere ilikuwa na udaktari na Nairobi ilielekea kwenye uhandisi, ila sheria haikufundishwa kokote katika nchi zetu tatu. Mawakili Waafrika wa Tanganyika walihesabika kwa vidole, na nchi ilikuwa inakwenda kuendesha mahakama zake yenyewe. Tena sheria haihitaji maabara. Yatosha walimu, vitabu na chumba. Uamuzi huo wa kubana matumizi ulikuwa na matokeo makubwa: vijana wa Kenya na Uganda waliotaka sheria walilazimika kuja Dar es Salaam. Willy Mutunga, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu wa Kenya, ni zao la hapa. Ndiyo maana historia ya chuo hiki haiwezi kuandikwa kama mali ya Watanzania peke yao.

Mwaka 1964 chuo kilihamia kilimani, nje kabisa ya mji wa wakati ule. Nitayapita majengo haraka, kwa kuwa yamekwisha kuandikwa vya kutosha.

Jambo ninalotaka ulitazame kwa karibu ni Mradi wa Utafiti wa Maji Maji, wa mwaka 1968 hadi 1969. Idara ya Historia, iliyoanzishwa na Terence Ranger, ilikuwa imekusanya watu kama Isaria Kimambo, Arnold Temu, John Iliffe na Gilbert Gwassa. Vita vya Maji Maji, vilivyoanza Umatumbi Julai 1905 watu walipong'oa pamba ya kulazimishwa, vilikuwa vimeandikwa kwa kalamu ya Wajerumani: maofisa, wamisionari, mahakimu. Katika maandishi hayo watu wa kusini walionekana kama kundi lililodanganywa na mganga. Mradi ulifanya jambo ambalo leo linaonekana la kawaida. Wanafunzi walitumwa kwenda kwenye maeneo yao wakati wa likizo, kwa watu ambao lugha zao walizijua, kuwauliza wazee.

Piga hesabu. Mtoto aliyekuwa na miaka kumi mwaka 1905 alikuwa na miaka 73 mwaka 1968. Alikuwa bado hai. Alikumbuka shamba la pamba la akida, mjeledi, jinsi habari ya dawa ya maji ilivyosambaa kimyakimya kutoka Ngarambe, nani aliyeleta maji kijijini, nani aliyekataa, na njaa iliyofuata baada ya jeshi kuchoma ghala na mashamba. Kijana wa mwaka wa pili, aliyefundishwa shuleni kwamba ushahidi ni kile kilichoandikwa, alikaa chini akaandika maneno ya bibi ambaye hakujua kusoma, kisha akayarudisha Mlimani yakachapwa kwa stensili na kudurufiwa. Kurasa zile za karatasi hafifu, zenye wino uliopauka, ni miongoni mwa vitu vya thamani kubwa ambavyo chuo hiki kimewahi kutoa. Hakuna aliyelileta swali lile kutoka London.

Wala halikuishia kwenye idara moja. Ebrahim Hussein, aliyesoma sanaa za maonyesho hapo hapo, alitoa tamthilia yake *Kinjeketile* mwaka 1969, nayo ikawaweka jukwaani watu wale wale ambao wanahistoria walikuwa wakiwatafuta vijijini. Mwaka huo huo Kimambo na Temu walihariri historia ya Tanzania iliyoanza na wenyeji badala ya kuanza na meli za wageni. Msomaji wangu, ukitaka kujua ni lini Mlimani ulikuwa chuo kikuu kamili, usiangalie 1970. Angalia miaka hii miwili iliyotangulia.

Mfano wa pili ni Kiswahili. Kamati ya lugha iliyoanzishwa na serikali za kikoloni mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili ilihamahama kabla ya kuingizwa katika chuo cha Dar es Salaam mwaka 1964 kama taasisi ya uchunguzi. Baadaye tukaijua kwa jina la TUKI, na tangu 2009 ni TATAKI. Idara ya Kiswahili ilianza 1970, ikifundisha kwa Kiswahili chenyewe: fonolojia, ushairi, nadharia, vyote. *Kamusi ya Kiswahili Sanifu* ilitoka mwaka 1981, safari hii mamlaka ya kusema neno lipi ni sanifu yakiwa mikononi mwa wasemaji wa lugha. Nasema bila kusita kwamba kazi hii imewagusa watu wengi kuliko kitu kingine chochote kilichofanywa Mlimani. Na bado vitivo vingine vinaendelea kufundisha kwa Kiingereza, jambo ambalo chuo hakijalitolea jibu la kuridhisha hadi leo.

Wasomaji wengi wanakuja kwenye historia hii kwa sababu ya siasa zake, na si vibaya. Oktoba 1966 wanafunzi, wakiwa wamevaa majoho yao, waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, hasa kukatwa sehemu kubwa ya mshahara baada ya kuhitimu. Mwalimu aliwasikiliza Ikulu, akakasirika, akawafukuza zaidi ya 300, na hapo hapo akatangaza kukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi walisamehewa na kurudi baadaye. Miezi michache baada ya maandamano likaja Azimio la Arusha, kisha Elimu ya Kujitegemea, na Machi 1967 chuo kikaitisha mkutano wa kujadili nafasi yake katika nchi ya kijamaa. Ukisoma matukio hayo kwa pamoja utaona swali moja: aliyesomeshwa kwa kodi ya mkulima anamdai nani, na anadaiwa na nani?

Katika hewa hiyo ndimo walimoishi Walter Rodney, mwanahistoria kutoka Guyana, na wanafunzi kama Yoweri Museveni, Karim Hirji na Issa Shivji. Kitabu cha Rodney kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilichapishwa mwaka 1972 London na Dar es Salaam kwa pamoja, na sehemu kubwa ya hoja zake zilipikwa kwenye mabishano ya Mlimani. Wanafunzi wa kundi la USARF walitoa jarida lao, *Cheche*, kuanzia Novemba 1969. Mwaka 1970 lilichapisha makala ndefu ya Shivji, aliyekuwa ametoka tu kumaliza sheria, akihoji ni nani hasa waliofaidika baada ya benki na viwanda kutaifishwa. Novemba mwaka huo jarida na kundi lake vikapigwa marufuku. Jarida lililofuata, la Umoja wa Vijana wa TANU, liliitwa *MajiMaji*. Tazama jinsi utafiti wa vijijini ulivyokuwa umekwisha kuwapa hata wanasiasa vijana jina la kujiita.

Naomba tahadhari hapa. Kizazi changu cha wanahistoria kimeipenda miaka ya 1967 hadi 1974 kupita kiasi. Tunaisimulia kama enzi ya dhahabu, kisha tunaruka hadi leo tukilalamika. Kwa kufanya hivyo tunaacha mambo mengi gizani. Tunaacha Ofisi ya Utafiti wa Uchumi ya 1965 na ile ya tathmini ya rasilimali na ardhi ya 1967, ambazo watafiti wake walizunguka vijijini kupima maji na udongo bila kelele. Tunaacha Kitivo cha Uhandisi cha 1973, kilichowapeleka wanafunzi viwandani kila likizo ndefu, na Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyofunguliwa Zanzibar mwaka 1978. Watu hao nao waliuliza maswali mapya, ila hawakuandika vijitabu vya mapinduzi.

Na tunaacha maumivu. Azimio la Musoma la 1974 liliwataka vijana wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu. Machi 1978 wanafunzi waliandamana tena, wakipinga nyongeza za maslahi ya viongozi, na mamia wakafukuzwa. Miaka ya 1980 uchumi ulipoanguka, maktaba ilikosa fedha za kulipia majarida, na wahadhiri wakafuga kuku ili watoto wao wale. Wafadhili wa nje wakati huo walikuwa wakizishauri serikali za Afrika kwamba fedha za elimu ya juu zingefaa zaidi shule za msingi, ushauri ambao naona uliigharimu nchi walimu wa kizazi kizima. Mwaka 1990 mwanafunzi wa kike alijiua baada ya kudhalilishwa na kikundi cha siri cha wanafunzi kilichokuwa kikibandika ukutani matusi dhidi ya wanawake. Mei mwaka huo, kwa mgogoro mwingine kati ya wanafunzi na serikali, chuo kilifungwa, kikafunguliwa tena Januari 1991. Historia inayomtaja Rodney na kunyamaza kuhusu binti huyo ina kasoro kubwa, na ninaomba wasomi vijana waisahihishe.

Kuhusu miaka iliyofuata nitasema machache, kwani sura za mwisho zimeieleza kwa urefu. Kuchangia gharama kulianza miaka ya 1990, na Bodi ya Mikopo ilianza kazi 2005. Chuo pia kilizaa vyuo: kitivo cha kilimo cha Morogoro kikawa Chuo Kikuu cha Sokoine mwaka 1984, Muhimbili na Ardhi vikajitegemea 2007, na vyuo vishiriki vya elimu vya Chang'ombe na Mkwawa vikaundwa 2005. Mwaka 2018 ilizinduliwa maktaba mpya iliyojengwa kwa msaada wa China.

Sasa utaanzia wapi kazi yako? Anzia maktaba kuu, kwenye mkusanyo wa Afrika Mashariki, usome ripoti za mwaka na hotuba za mahafali. Zisome kwa jicho kali, kwa sababu ziliandikwa na wakubwa kwa ajili ya wakubwa. Kisha tafuta magazeti ya wanafunzi, hata yale yaliyoraruka. Ukimaliza, toka nje. Waliokuwa darasani Mtaa wa Lumumba mwaka 1961 sasa wamevuka miaka themanini. Wapo wapishi wa kafeteria waliowaona wanafunzi wakifungasha mizigo mwaka 1978, wachapaji walioandaa stensili, madereva, mafundi wa maabara, wakazi waliokuwa na mashamba kilimani kabla ya chuo kuja. Wengi wao hawajawahi kuulizwa na mtu yeyote. Chukua kinasa sauti, omba ruhusa kwa adabu, uende ukawaulize mwaka huu.