Mali bila daftari: somo la maji kutoka Nairobi

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Twazoea kuisema dukani. Leo naipeleka kwenye maji.

Jiji la Nairobi hunywa kutoka chemchemi za Kikuyu na mabwawa ya Ruiru, Sasumua na Ndakaini. Maji ya Ruiru husafishwa Kabete, magharibi mwa jiji. Ya Ndakaini husafishwa Ng'ethu, Kiambu. Sasumua ni bwawa la miaka ya 1950, Ndakaini lilikamilika 1994. Yaani mitambo hii ni ukoo: kuna babu na kuna wajukuu, na huwezi kuwatibu wote kwa dawa moja.

Kwa hivyo kabla ya kukopa pesa za kukarabati, kwanza ni kuhesabu. Kila pampu, vali, chujio la mchanga, na mashine ya kutia shabu na klorini hupewa nambari. Kisha huandikwa kiko wapi, kiliwekwa lini, kilitengenezwa lini mara ya mwisho, na hali yake kwa alama: 1 ni kizima kama kipya, 5 kimekwisha.

Alama peke yake haitoshi. Lazima uulize: hiki kikifa, nani atakosa maji? Pampu ya alama 4 yenye mwenzake wa akiba yaweza kungoja. Vali ya alama 3 ambayo ndiyo njia pekee ya maji kwenda Kangemi na Kawangware haingoji.

Penye shida ni hapa: mara nyingi habari hizi zimo kichwani mwa fundi mmoja. Akistaafu, ameondoka nazo. Au mkandarasi huziingiza kwenye kompyuta, akaenda zake, zisiguswe tena. Daftari lisiloandikwa siku ile ile pampu inapofunguliwa, baada ya miaka miwili ni uongo mtupu.

Yatuhusu nini sisi wa Pwani? Bomba la Mzima limeleta maji Mombasa tangu 1957, na kila siku twasikia habari za Mzima ya pili. Heri. Lakini mkopo wowote mwishowe hulipwa kwenye bili ya mama wa Kisauni. Basi tukiitwa baraza la kutoa maoni, swali letu la kwanza liwe: daftari la kile tulicho nacho liko wapi? Maji ni amana, na amana huulizwa.