Pikipiki ya zamani inakataa kuwaka

Ndugu mfanyakazi, asubuhi unapiga kiki mara kumi na pikipiki yako kuukuu haiwaki. Usiikasirikie. Tazama kwanza robine ya esansi. Wengi husahau kuifungua. Kisha toa buji. Ikiwa imelowa, ikaushe kwa kitambaa, si kwenye mbabula! Ikiwa kavu, esansi haifiki. Hapa Goma vumbi la mawe ya volkano huziba pia chujio la hewa: likung'ute.

Lakini hata mvua ikinyesha, usiiwashe ndani ya nyumba. Sisi tunajua mazuku, hewa nzito inayolala mashimoni na kuua bila kelele. Moshi wa injini nao una sumu isiyo na rangi wala harufu, na watoto wangali wamelala chumba cha pili.