Je, Wajua? Bwana Shamba na Tembo wa Robanda

Je, wajua kwamba mkulima aliyelima karibu zaidi na hifadhi ndiye aliyefutwa jasho kidogo zaidi? Kanuni za Tanzania za 2011 za kifuta jasho na kifuta machozi, yaani malipo ya serikali kwa madhara ya wanyamapori, ziliweka hivi: shamba lililokuwa ndani ya mita 500 kutoka mpaka wa hifadhi halikulipwa kitu. Ukivuka hapo ulianzia shilingi 25,000 kwa ekari, na kiwango kilipanda kadiri ulivyosogea mbali, hadi 100,000 kwa aliyekuwa zaidi ya kilomita 5. Ekari zilizolipwa hazikuzidi 5. Nia ilikuwa kuwazuia watu kulima mlangoni kwa tembo. Sawa, lakini katika kijiji cha Robanda, wilayani Serengeti, nani alimkuta mwenzake? Ngome ya Wajerumani ya Fort Ikoma ilibeba jina la Waikoma, wenyeji wa hapo, miaka mingi kabla Hifadhi ya Serengeti haijatangazwa mwaka 1951.

Na tembo huyohuyo Waikoma wanamheshimu: pembe takatifu waziitazo Machaba ni nguzo ya mila yao.

Je, wajua kwamba huduma za ugani ziliwahi kupewa sifa ya kurudisha faida ya asilimia 350? Ilikuwa Kenya. Mwaka 1993 watafiti waliupima mpango wa mafunzo na ziara uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, ambamo bwana shamba alifuata ratiba maalumu ya kuwatembelea wakulima. Tarakimu hiyo ikazunguka dunia. Mwaka 1999 wenzao wakarudia hesabu kwa takwimu zilezile, wakasahihisha makosa, na ushahidi wa faida hiyo ukayeyuka. Kuhesabu ziara ni rahisi; kujua ziara imebadili nini shambani ni kazi nyingine.

Tanzania nayo inahesabu. Aprili 2022, jijini Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ugawaji wa pikipiki zaidi ya 6,000 kwa maofisa ugani, pamoja na vifaa vya kupimia udongo. Ni hatua kubwa, kwa maana bwana shamba asiye na usafiri hubaki kuwa bwana ofisi.

Ila pikipiki humfikisha shambani tu. Akifundisha kupanda kwa mistari, samadi na mbegu bora, na mkulima akayashika yote, tembo mmoja mkubwa anaweza kula kilo 150 kwa siku, na mashambani huingia usiku. Ukipima kwa magunia, somo limefeli. Ukipima kwa alichokishika mkulima, limefaulu. Mimi ningeandika yote mawili, na safu ya tatu ya tembo. Tatizo ni kwamba ofisa ugani yuko chini ya halmashauri, tembo yuko chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii, na mahindi yako katikati.

Je, wajua kwamba pilipili imo katika masomo ya ugani? Sehemu kadhaa za Tanzania wakulima huzungushia shamba kamba ya katani yenye vipande vya kitambaa vilivyopakwa pilipili kali iliyochanganywa na oili chafu. Tembo, mwenye pua kali sana, hageuzwi na kamba bali na ule mwasho. Mvua ikinyesha dawa hupungua nguvu, hivyo lazima ipakwe upya, na hapo ndipo wengi huishia: oili na pilipili vinataka fedha, na kupaka kunataka majirani washirikiane, kwa sababu shamba moja lililoachwa wazi humkaribisha tembo kwa wote.