Machozi kwa Wasafiri Tusiowajua

Tarehe 18 Machi 2025 chombo cha angani kilishuka kwa parachuti katika bahari ya pwani ya Florida, Marekani. Pomboo wakakizunguka, kana kwamba nao wamekuja kupokea wageni. Ndani walikuwemo Suni Williams na Butch Wilmore. Walikuwa wameondoka mwezi Juni 2024 kwa safari ya siku kama nane tu, lakini hitilafu za chombo walichokwenda nacho zikawafanya wakae huko siku 286. Bwana Wilmore ni mzee wa kanisa, na ana mke na mabinti wawili waliokuwa wakimngoja nyumbani.

Akina mama wengi tulipopata habari hiyo tulitokwa na machozi. Watu wale si ndugu zetu, wala hatujapata kuonana nao. Basi, kwa nini tulilia?

Wapo watakaosema kwamba machozi ya wanawake yako karibu. Sisi tunaona sababu nyingine. Mwanamke aliyewahi kulala na sikio mlangoni, akimsubiri mume aendeshaye lori la masafa au mvuvi aliyekutwa na upepo baharini, anaijua kazi ya kungoja. Akimwona mwenzake amerudishiwa mtu wake, moyo wake hauulizi anatoka nchi gani.

Waliobaki nyumbani

Habari za safari hizi husifu ushujaa wa waliokwenda. Mara chache tunasimuliwa juu ya waliobaki. Tumchukue Bibi Marilyn Lovell. Mwezi Aprili 1970 mumewe, Jim Lovell, alikuwa njiani kwenda mwezini pamoja na Jack Swigert na Fred Haise katika safari ya Apollo 13. Tarehe 13 Aprili, wakiwa zaidi ya kilometa 300,000 kutoka duniani, tangi la oksijeni lilipasuka. Umeme, maji na hewa vikaanza kuwaishia. Wakahamia katika kile chombo kidogo cha kutua mwezini, kilichotengenezwa kwa watu wawili kwa muda wa siku mbili hivi. Kikawabeba watatu kwa karibu siku nne, katika baridi kali na maji ya kupimiana.

Nyumbani kwake Marilyn kulikuwa na kipaza sauti kidogo kilicholeta mazungumzo ya mumewe na wataalamu wa Houston. Alikuwa na watoto wanne wa kutuliza, na waandishi wa habari walijaa nje. Bibi Mary Haise naye alikuwa mja mzito. Baba Mtakatifu Paulo wa Sita aliwaombea mbele ya maelfu ya watu, na Baraza la Seneti la Marekani likawasihi wananchi wote wasali. Tarehe 17 Aprili chombo kilipoingia katika hewa ya dunia, mawasiliano yalikatika, kama kawaida. Lakini safari hii kimya kilikuwa kirefu kuliko ilivyotazamiwa. Kisha parachuti zikaonekana juu ya bahari ya Pasifiki. Wote watatu walikuwa hai.

Wale ambao hawakurudi

Hapa hatuna budi kusema ukweli. Tarehe 1 Februari 2003 familia za wanaanga saba wa chombo cha Columbia zilisimama kando ya uwanja wa Florida, tayari kuwakumbatia. Zilikuwa zimebaki kama dakika 16 tu watue. Chombo kilivunjika angani, kwa sababu bawa lake la kushoto lilikuwa limetobolewa siku ya kuruka. Hakurudi hata mmoja.

Kiongozi wao, Rick Husband, alikuwa Mkristo mwenye bidii. Kabla ya kuondoka aliwarekodia watoto wake wawili mafundisho mafupi ya Neno la Mungu, kila mtoto na lake kwa kila siku ambayo baba angekuwa mbali. Je, tuseme familia hiyo haikuomba? Iliomba. Kwa hiyo tusimwambie mjane yeyote kwamba imani yake ilipungua. Mungu aliyekuwa pamoja na Marilyn Lovell katika furaha ndiye aliyekuwa pamoja na Bibi Evelyn Husband katika msiba. Nasi tunalia kwa furaha mtu arudipo kwa sababu tunajua kwamba kurudi si haki yetu, bali ni zawadi.

Arudipo, apokewe

Liko jambo jingine la kujifunza. Mtu akikaa angani miezi mingi, misuli na mifupa yake hudhoofika. Hutolewa chomboni kwa machela, na huhitaji mazoezi ya siku kama 45 ili mwili uizoee dunia tena. Familia yake haimwambii, "Mbona umebadilika?" Humvumilia.

Mama mpendwa, nasi tunapokea watu waliotoka mbali: mume aliyefanya kazi mji mwingine mwaka mzima, kijana aliyetoka bweni, dada aliyelazwa hospitali kwa muda mrefu. Naye huenda akajikwaa katika nyumba iliyojizoesha kuishi bila yeye. Tusimkabidhi madai yote siku ya kwanza. Chakula cha moto kitangulie, hesabu za ada na madeni zifuate baadaye.

Zaburi ya 107 inawakumbuka mabaharia waliomlilia Bwana katika dhoruba, akawafikisha salama bandarini, na inawataka wamshukuru. Jioni hii watu wa nyumbani wakitimia mezani, tutoe shukrani hiyo kwa sauti, watoto wasikie. Kisha tumkumbuke jirani yetu ambaye kiti kimoja mezani kwake ki tupu, tukambishie hodi.