Ganda la risasi si chuma chakavu cha kuokotwa

Kaunti yetu ina kambi za kijeshi Lanet na Gilgil, na Gilgil ndiko yaliko makao makuu ya kikosi cha polisi cha kupambana na wizi wa mifugo. Palipo na bunduki pana mazoezi ya shabaha, na mazoezi huacha maganda.

Risasi nzima ina sehemu nne: kichwa kinachoruka, baruti inayokisukuma, fataki ndogo kitakoni inayowasha baruti, na ganda linaloshikilia vyote. Ganda zuri ni mchanganyiko wa shaba, takriban asilimia 70, na zinki asilimia 30. Baruti inapowaka hutanuka na kuzuia gesi isivuje nyuma, kisha hunywea kidogo ili litoke kwa urahisi. Ndiyo maana linaweza kujazwa tena. Nchini Marekani walenga shabaha wengi huokota maganda yao, huyasafisha, hung'oa fataki iliyotumika, huyarudisha katika umbo lake, kisha hutia fataki mpya, baruti iliyopimwa na kichwa kipya. Lenye ufa, hata mwembamba kama unywele, hutupwa. Mengi ya AK-47 ni ya chuma. Hunaswa na sumaku na kwa kawaida hayajazwi tena.

Kwa vikosi vya usalama, ganda pia ni hesabu. Risasi zilizotolewa ghalani hulinganishwa na maganda yaliyorudi, na pengo likionekana ni lazima lielezwe.

Hatari inaanza pale mtoto anapookota shaba ya kuuza kwa kilo. Risasi iliyokataa kulia ina alama ya pini kitakoni sawa na ganda tupu, ila baruti bado imo. Ikichanganywa na vyuma na kutiwa motoni kuyeyushwa, italipuka usoni mwa fundi. Hata ganda tupu hubaki na masizi yenye madini ya risasi, ambayo ni sumu, hasa kwa watoto.

Majirani zetu wameumia kwa vitu vikubwa kuliko ganda. Mwaka 2002 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa takriban pauni milioni 4.5 kwa wafugaji zaidi ya 200, Wamaasai na Wasamburu. Walikuwa wamejeruhiwa au kupoteza jamaa kutokana na mabomu yaliyosalia kwenye maeneo ya mazoezi, Archers Post na Dol Dol. Baadhi ya waathiriwa walikuwa watoto waliokuwa wakichunga mifugo.

Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, inakataza kuwa na risasi bila cheti, na Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015 inamtaka mnunuzi awe na leseni. Usalama ni jukumu la serikali kuu, lakini anayekiona kitu kwanza huwa ni mkazi. Ukikuta ganda, risasi au chuma usichokielewa, usikiguse wala usikipige teke. Weka alama kwa mbali, zuia watoto na mifugo, kisha umwambie chifu au upige simu 999 au 112. Aliyekwisha kushika anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula.