Kubadili Kontroli Boksi ya Bodi katika Lori

Mwenye daftari na alifungue, na mwenye penseli na aichonge, maana leo tuna hesabu chache za kuandika.

Tuseme lori limepakia mzigo Dar es Salaam, linakwenda Tunduma. Limefika mlima Kitonga, mkoani Iringa, na jua limekwisha kuchwa. Mara waipa zaanza kucheza zenyewe, indiketa hazizimiki, na dereva akikanyaga breki taa za nyuma haziwaki. Aliye nyuma yake, gizani, tena kwenye kona, atajuaje kama lori lililo mbele linasimama? Hapo si habari ya taa tu, ni habari ya roho za watu.

Asubuhi fundi anaitwa. Anatazama kidogo, kisha anasema, "Kontroli boksi ya bodi imekufa, nunua nyingine." Je, ni kweli? Huenda ni kweli, huenda si kweli. Kifaa hicho ni ghali. Kikinunuliwa bila sababu, fedha za mwenye gari zimepotea na ugonjwa umebaki palepale.

Basi tujiulize kwanza: kifaa hiki ni nini? Katika malori ya zamani umeme ulitoka kwenye betri, ukapita kwenye fyuzi na swichi, ukafika kwenye taa. Katika malori ya siku hizi, ukisogeza mkono wa indiketa, hupeleki umeme kwenye taa. Unapeleka ombi tu. Boksi hupokea ombi hilo, kisha yenyewe ndiyo hupeleka umeme. Hutawala taa, waipa, honi, vioo na makufuli ya milango, na katika magari mengi huutambua hata ufunguo. Injini ina boksi yake mbali. Maboksi hayo huzungumza kwa nyaya mbili zilizosokotwa pamoja. Mtindo huo huitwa CAN, na ulitangazwa na kampuni ya Bosch ya Ujerumani mwaka 1986.

Sasa tushike kazi. Kanuni yetu ni hii: pima kwanza, nunua baadaye.

Kwanza, pima betri. Malori mengi makubwa hutumia volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizofuatana. Gari likiwa limepumzika, betri zilizojaa huonyesha volti 25 na kidogo. Injini ikiunguruma, volti 28 hivi. Umeme ukiwa dhaifu, boksi huweweseka kama mtu mwenye homa.

Pili, pima fyuzi. Boksi moja yaweza kulishwa na fyuzi kadhaa. Usiziangalie kwa macho tu. Zipime kwa mita.

Tatu, pima ethi. Washa taa, gusa pini ya ethi ya boksi kwa waya mmoja wa mita, na hasi ya betri kwa waya wa pili. Ukisoma 0.1 au 0.2 ya volti, si neno. Ukisoma volti 1 au zaidi, waya wa ethi umelegea au una kutu. Dalili moja mashuhuri ni hii: unakanyaga breki, na indiketa nayo inawaka kwa unyonge. Usikimbilie boksi, tazama ethi ya taa za nyuma.

Nne, chomoa soketi uzitazame. Maji yakipenya kwenye mpira wa kioo cha mbele hushuka mpaka kwenye soketi, na pini huota kutu ya kijani.

Tano, toa waya wa betri, kisha pima ohm kati ya zile nyaya mbili za mazungumzo. Kila mwisho wa njia una kizuizi cha ohm 120, na viwili vikiwa sambamba hutoa ohm 60. Ukipata 120, upande mmoja umekatika. Ukipata karibu na sifuri, nyaya zimegusana.

Haya, tuseme yote ni mazima, umeme na ethi vinafika kwenye boksi, ombi la swichi linafika, lakini umeme hautoki. Sasa twaweza kusema boksi ni mbovu.

Kabla ya kuifungua, unganisha kompyuta ya kupimia, usome na kuhifadhi mpangilio wa lori ulio ndani ya boksi ya zamani, ikiwa bado inajibu. Andika namba ya boksi na namba ya chasisi. Boksi mpya iwe na namba ileile, au ile ambayo kiwanda kimeruhusu. Boksi iliyong'olewa kwenye lori jingine yaweza kukataa, kwa kuwa imezoea chasisi na funguo za lori lake.

Kisha zima swichi, toa hasi ya betri, ngoja dakika chache. Gusa chuma cha bodi ili umeme wa mwilini utoke, wala usishike pini kwa vidole. Funga boksi mpya, bana soketi hata zilie, rudisha betri. Unganisha chaja ili volti zisishuke, ndipo uingize mpangilio na kuifundisha funguo. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, boksi mpya yaweza kuharibika. Mwisho jaribu kila taa, moja moja, pamoja na za tela.

Lakini usiondoke bado. Jiulize ile ya kwanza ilikufa kwa nini. Je, ni maji? Je, kuna waya uliochubuka ukagusa bodi? Je, mtu alichomelea chasisi bila kutoa betri, au aliazima umeme akageuza nyaya? Usipoondoa sababu, boksi mpya itaifuata ya zamani kaburini.

Maswali ya kuzungumza kikundini:
1. Kwa nini tunapima ethi taa zikiwa zimewashwa?
2. Mita inaonyesha ohm 120. Utatafuta nini?
3. Mwenye gari ana haraka, asema, "Badili tu." Utamjibuje?